Ongeza Tatu

Karatasi yenyewe ilikuwa na visanduku viwili. Juu ya cha kwanza paliandikwa "idadi katika mfumo wa kale", juu ya cha pili "idadi katika mfumo mpya", na chini yake mstari wa sahihi yangu. Meneja aliiandaa mwenyewe, akanieleza sharti lake kwa mdomo: nambari hizo mbili zikiwa sawa kufikia saa kumi jioni, lango lafunguliwa na tunaanza maisha mapya. Zisipokuwa sawa, twarudi kwenye seva ya zamani, na habari za kuhamia kwenye wingu zisitajwe tena mwaka huo.

Safari hiyo nilikuwa nimeilialia miaka miwili, ndiyo maana sahihi ikawa yangu.

Yadi yetu iko Changamwe, upande wa Airport, chini kabisa ya njia ya ndege. Watu wa pale tuna mazoea ya kunyamaza katikati ya sentensi, ndege ikapita, tukaendelea palepale tulipoachia. Tunapokea makontena kutoka bandarini na kuyaweka mpaka wenyewe waje. Mimi ni karani mkuu: kazi yangu ni kujua kila kontena limelala wapi, na juu ya mgongo wa nani. Rekodi zote, za miaka kumi na mitano, zilikaa ndani ya seva moja katika chumba kidogo cha ghorofani. Chumba kilikuwa na feni mbili, moja ya seva na moja yangu. Joto likizidi, seva ilichukua zote mbili.

Mwaka ule seva ilikuwa imezimika ghafla mara mbili. Ikizimika, malori hujipanga kutoka langoni mpaka barabarani, na madereva wakapanda ngazi mmoja mmoja kuja kuniuliza swali ambalo wote wanajua sina jibu lake. Kwa hivyo kampuni ilipokubali rekodi zihamishwe, zikakae kwenye mashine za kukodi zilizo mbali, tuzifikie kwa intaneti, nilifurahi kama mtoto aliyeonyeshwa nguo ya Krismasi mwezi wa kumi. Waliokuja kuniuliza kama rekodi zitalowa mvua ikinyesha walikuwa kumi na mmoja. Nilipohesabu tena nyumbani, Mjambere, nikapata kumi na wawili. Nilikuwa nimemsahau mume wangu.

Mhandisi aliyeletwa kufanya kazi hiyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Nairobi, mwenye kompyuta mbili na chupa moja ya maji asiyoiacha. Siku ya kwanza akaketi mbele yangu, akasema:

"Auntie, tutafunga yadi masaa kumi na nne."

"Manne," nikamwambia.

"Si manne. Kumi na nne."

"Nimesikia ulichosema. Mimi nasema manne."

Akacheka, akadhani ni mzaha. Hajawahi kununua kitu sokoni Kongowea, niliona mara moja. Akaanza kunieleza ukubwa wa hifadhidata, mamilioni ya rekodi, kasi ya intaneti yetu, ambayo aliitaja kwa huruma kama mtu anayemtaja mgonjwa.

"Dada," nikamwambia, "wewe ukihama nyumba, unabeba kabati siku ileile ya mwisho?"

"Hapana. Vitu vizito vinatangulia."

"Na kitanda na sufuria?"

"Mwisho."

"Sasa lori lililotoka hapa miaka kumi iliyopita, rekodi yake itabadilika leo?"

Akaniangalia. "Haiwezi badilika."

"Basi itangulie. Beba makabati wiki mbili hizi, sisi tukiendelea na kazi. Siku ya kufunga ubebe kitanda na sufuria peke yake. Masaa manne."

"Hiyo ndiyo plani yangu haswa!" akasema, amekasirika kidogo. "Hizo zingine nilikuwa nimeweka tu, just in case."

"Najua. Hakuna anayeanza na bei yake ya kweli."

Nikainuka, nikachukua mkoba, nikaenda zangu hadi mlangoni. Hatua ya saba akaniita. Tukaafikiana masaa sita, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ijumaa adhuhuri lango letu husinzia lenyewe; nusu ya madereva wako msikitini na nusu ya pili wako jikoni kwa mama.

Mama, ndivyo yadi nzima tulivyomwita, ndiye aliyetupikia sote. Ni mtu wa kwetu, Kilifi ndani huko, na kibanda chake cha mabati kilikuwa ndani ya yadi, mstari wa tatu, nafasi ya saba, hatua chache kutoka langoni, makontena yamemzunguka pande tatu kama kuta za ghorofa. Alikuwapo pale kabla ya mfumo wa kompyuta. Hakukuwa na karatasi yoyote iliyomruhusu kuwa pale, wala mtu aliyewahi kuitafuta, kwa sababu hata wale ambao wangeitafuta walikuwa na sahani mkononi.

Wiki mbili zile sikulala vizuri kwa furaha. Kila asubuhi nilipanda ngazi moja kwa moja hadi kwa mhandisi kumuuliza tumefika wapi. Asilimia thelathini na moja. Arobaini na nne. Sitini. Nilikuwa natazama kile kistari cha kijani kikisogea kwenye skrini na mkono shavuni, kama watu wanavyotazama mpira. Siku ya asilimia tisini na tisa nilinunua soda mbili, tukanywa kimya kimya, tusije tukaitia kijicho.

Alhamisi, siku moja kabla, nikafanya hesabu yangu ya miguu. Hii nimeifanya tangu nilipoajiriwa: nazunguka yadi nzima na kalamu na ubao, kila kontena mstari mmoja, nikienda nahesabu, nikirudi nahesabu tena. Dereva wa mashine ya kunyanyua alinipigia kelele kutoka juu.

"Karani! Si una kompyuta wewe? Miguu ya nini?"

"Kompyuta haijawahi kukanyaga tope hili!"

"Mwaka huu utahamia mawinguni, utahesabu kwa mbawa!"

Nilipomaliza nikaandika kitabuni: 1,846. Skrini ya mfumo wa zamani nayo ilisema 1,846. Nikafunga kitabu, nikalala usingizi wa mtu aliyejiandaa.

Ijumaa saa nne kamili tukafunga lango; tangu hesabu yangu yalikuwa yameingia makontena tisa na kutoka tisa, idadi ikabaki ileile. Mhandisi akausimamisha mfumo wa zamani, na lile jambo la kitanda na sufuria likaanza: mabadiliko ya siku za mwisho kuvuka kwenda kuungana na yaliyotangulia. Saa saba mchana yote yamevuka. Akaanza kulinganisha jedwali moja baada ya jingine. Malori yaliyoingia tangu mwanzo: sawa. Malori yaliyotoka: sawa. Wenye mizigo: sawa. Kila "sawa" nilipiga meza kofi, mpaka chupa yake ya maji ikaanguka. Mwanamke yule, aliyekuja akiongea kama barua ya benki, sasa alikuwa amesimama juu ya kiti chake akipiga vigelegele vya bara ambavyo havina mwisho mzuri lakini vina nguvu.

Likabaki jedwali moja, ndilo la karatasi ya meneja: makontena yaliyomo yadini hivi sasa.

Mfumo wa kale: 1,846.

Mfumo mpya: 1,843.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. 1,843. Nikamwambia arudie tena, na safari hii nikaweka kidole kwenye skrini, kana kwamba ningeweza kuisaidia. 1,843.

Ilikuwa saa nane na robo. Makontena matatu. Kontena si kijiko. Kila moja ni mali ya mtu, ana karatasi zake, na siku atakapokuja akaambiwa mfumo haumjui, atakayemtazama usoni ni mimi. Nje, malori ya kwanza ya alasiri yalikuwa yameanza kujipanga.

"Kuna zile zilizokataliwa," mhandisi akasema. "Wacha nicheki. Mfumo mpya ukikataa rekodi, unaiweka pembeni na kuandika sababu."

Alipokuwa akitafuta, mimi nikatoa ubao wangu wa Alhamisi ili niyapate hayo matatu kwa njia yangu. Nikahesabu vile vistari nilivyochora kwa mkono. Nikahesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo.

1,843.

Kitabuni niliandika 1,846, lakini miguu yangu ilikuta 1,843. Mkono ndio ulioongeza tatu, wenyewe, bila kuniuliza. Nikasikia baridi mgongoni, mimi niliyekuwa nimechukuliwa feni zote mbili.

Wiki yangu ya kwanza kazini, karani mkuu wa wakati ule, ambaye sasa amestaafu, alinifundisha hivi: "Ukimaliza kuhesabu, ongeza mbili." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mfumo huu, binti yangu, ukiona nafasi tupu unapeleka kontena. Hauna kitufe cha kusema hapa pasiwekwe kitu." Kulikuwa na mahali kwenye mstari wa tisa ambapo chini ni laini; mvua moja mashine ya kunyanyua ilizama hapo mpaka ekseli. Na kulikuwa na pale kwenye kivuli cha ukuta, ambapo watu hutandika mikeka wakaswali siku za kawaida. Ili mfumo usipeleke kontena, karani alibuni makontena mawili yasiyokuwapo, akayapa nambari za kichwani mwake, na kuyaweka pale. Kila aliyekuja baada yake alifundishwa aongeze mbili.

La tatu ni langu. Mwaka wangu wa nne kazini, mfumo ulimpangia mama kontena la futi arobaini juu ya sufuria ya maharagwe. Mashine ilikuwa imeshalining'iniza hewani, na mama chini anapiga kelele huku akifunika sufuria, kana kwamba tatizo lilikuwa vumbi. Nilikimbilia kompyuta nikabuni kontena, nikaliweka mstari wa tatu, nafasi ya saba. Kwenye sehemu ya mzigo nikaandika "vyombo vya jikoni", na kwenye ya mwenye mzigo, jina la mama. Tangu siku ile makarani wangu wote wamefundishwa: ongeza tatu. Miaka kumi na mmoja. Mpaka nikasahau kwamba nadanganya.

"Nimezipata!" mhandisi akasema. "Rekodi tatu. Nambari zao ni za uongo."

Akanieleza kwamba tarakimu ya mwisho ya nambari ya kontena haiwekwi ovyo. Inatokana na hesabu ya herufi na tarakimu zilizotangulia, ili mtu akikosea kuandika ajulikane. Mfumo wa zamani haukujali. Mpya unajali. Kisha akasogeza uso karibu na skrini.

"Auntie, hii moja imekaa yadini miaka kumi na mmoja. Ina vyombo vya jikoni?"

"Ina."

"Na nani mwenyewe?"

"Huyo uliyekula chapati zake jana. Nne."

Nikamwambia yote. Alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akaona mwanya, nami niliuona dakika ileile. "Lakini hii ni poa kabisa! Miguu yako imesema 1,843, wingu limesema 1,843. Mfumo mpya ndio unasema ukweli. Weka sahihi tufungue!"

Kalamu ilikuwa mkononi. Nakiri niliishika vizuri.

"Jaribu kwanza," nikamwambia. "Lori la kwanza pale langoni. Liulize mfumo lipelekwe wapi."

Akaingiza nambari. Mfumo mpya una akili. Unachagua nafasi iliyo karibu zaidi na lango. Haukuchukua hata sekunde. Mstari wa tatu, nafasi ya saba.

Hakucheka tena. Dirishani moshi wa jiko la mama ulikuwa unapanda taratibu katikati ya makontena.

Saa tisa kasorobo nikashuka ngazi kwenda kwa meneja. Nilijua ninachokwenda kufanya: kumwambia mkubwa wangu kwamba karani aliyempa dhamana ya kuhesabu ameandika kontena la uongo na kulihesabu kila siku, mara mbili. Kama angetaka kunifukuza, sababu ningekuwa nimempelekea mwenyewe. Na kama angetaka kusema karatasi ni karatasi, nambari si sawa, turudi kwenye seva ya zamani, alikuwa na haki hiyo pia.

Meneja ni mtu wa Mvita kwa jadi, mtu wa maneno ya polepole, anayeongea kama anamimina chai ya wageni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndege ikapita. Tukaingoja.

"Hebu nieleze vyema," akasema. "Kontena hilo la vyombo. Mfumo huu huchapisha barua kila mwezi kwa wenye mizigo iliyokaa sana, wakumbushwe waje waichukue. Sivyo?"

"Ndivyo, mzee."

"Nami huzitia sahihi."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hivyo muda wa miaka kumi na mmoja, kila mwezi, nimemwandikia mama aje aondoe jiko lake?"

"Barua mia moja na thelathini na mbili," nikasema. Nilikuwa nimezihesabu ngazini.

"Na barua zenyewe, wampa?"

"Nampelekea mwenyewe. Si barua yake?"

"Alijibu nini?"

"Hufungia wateja viazi karai, mzee."

 Akafungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa, yenye doa la mafuta, akaitandaza juu ya meza. Sahihi yake mwenyewe ilionekana vizuri kupitia mafuta. "Wallahi," akasema, "nami nimekuwa nikijiuliza yuatoa wapi karatasi nzuri namna hii." Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti, kwa heshima zake zote, muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Kisha akaacha. "Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia, ungelazimika kujua, mzee. Na ukijua, ungelazimika kumwondoa."

Akaitazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika tano. "Na huo mpya, una kitufe ambacho wa kale haukuwa nacho?"

Sikuwa na hakika. Tukapanda ngazi pamoja, yeye mbele, jambo ambalo halijapata kutokea. Mhandisi alipomwona akasimama, akatoa shikamoo ya kigeni lakini yenye nia njema. "Kiko," akasema. "Nafasi inaweza kufungwa, hakuna kitu kitapelekwa. Lakini ni lazima iandikwe sababu, na jina la mkubwa aliyekubali. Mfumo hauwezi pokea bila hiyo."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kontena la uongo halikumwomba mtu jina lake. Hili lilitaka lake, liandikwe, lisomwe na yeyote wa makao makuu atakayefungua.

Meneja akavuta kiti changu akaketi. "Mstari wa tisa," akaanza, "andika: ardhi ni laini." Mhandisi akaandika. "Pale ukutani, andika: watu wanaswali." Akaandika. "Mstari wa tatu, nafasi ya saba." Akafikiri kidogo, vidole vikigongagonga meza. "Andika: watu wanakula. Na jina langu kote."

Nikaleta ile karatasi yake. Kwenye kisanduku cha kwanza nilikuwa nimeandika 1,846. Akakata mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika 1,843, na pembeni: "matatu hayakuwapo." Akanisogezea.

"Hesabu tena kwanza," akasema.

Nilikuwa nimeshaanza. Mfumo wa kale, toa matatu. Mfumo mpya. Vistari vya ubao wangu, kwenda na kurudi. 1,843, 1,843, 1,843. Nikaweka sahihi saa kumi kasoro dakika ishirini, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuongeza kitu.

Hatukuingoja saa kumi. Niliteremka langoni mbio, mwanamke wa miaka yangu, viatu mkononi, mhandisi nyuma yangu anapiga yale makelele yake. Lori la kwanza likaingia. Karatasi ikatoka kwenye mashine ya langoni kabla dereva hajazima injini: mstari wa tano, nafasi ya pili. Dereva akaisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Tayari?" akauliza. "Sijashuka hata kukojoa!"

"Ondoka hapo, wenzako wanangoja!"

Likafuata la pili, la tatu, la tisa. Juu ya mashine yake dereva wa kunyanyua alikuwa akiimba. Nilisimama pale langoni nikihesabu malori kwa vidole mpaka vidole vikaisha nikaanza upya, na kila karatasi iliyotoka nilihisi kama nimeiandika mimi. Kufikia magharibi foleni ilikuwa imekwisha, kitu ambacho siku ya Ijumaa hakijapata kuonekana.

Mhandisi alirudi kwao Jumatatu, na chapati sita kwenye begi. Seva ya zamani ilizimwa, nikarudishiwa feni yangu, na ya pili nikajipa mwenyewe kama fidia.

Mwisho wa mwezi mama akanisimamisha nikipita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karani, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Kwani vipi?"

"Mbona mwezi huu sikuandikiwa?"

Nikamweleza kwamba hataandikiwa tena, kwamba sasa yumo kwenye wingu kwa jina la meneja na hakuna wa kumwambia aondoe vyombo. Alisikiliza, akageuza kiazi kimoja, akageuza kingine.

"Hayo ni mazuri, nashukuru," akasema. "Lakini viazi nitafungia nini?"

Kesho yake nikamletea magazeti ya wiki nzima. Akayapokea, akayapima kwa mkono, akanirudishia mawili. Akasema wino wake unatoka. Barua zetu hazikuwa zikitoa wino.